Kamera ya Upenuni

Machi 4
Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana na maji yameingia chumba cha cherehani. Si mengi, yameishia kwenye kikanyagio, lakini robota la kitambaa cha sare lilikuwa sakafuni na limelowa upande mzima. Shule inataka sare zake kabla muhula haujafunguliwa. Nimekianika kitambaa ndani. Kinakauka na mstari wa tope ambao haujali sabuni.

Nikatoka na mwavuli kwenda kuukagua mfereji. Mfereji wetu unafuata ukuta tunaochangia na jirani, unapenya kwenye tundu lililo chini ya ukuta huo, unapita uani kwake, ndipo unapata barabara. Tundu limezibwa. Gunia la mchanga, limesokomezwa kwa nguvu, na juu yake matambara. Nimelivuta mpaka kiuno kikalia.

Mtu wa kufanya hivi ni mmoja tu. Kuanzia leo simwiti jirani. Namwita Kizibo.

Machi 5
Nimemrushia gunia lake juu ya ukuta. Nimelisikia likitua kwenye masufuria. Safi.

Machi 6
Amekuja getini asubuhi, shati halijafungwa vifungo.

"We Fundi Cherehani, siku hizi unarusha magunia kwenye nyumba za watu?"

"Narudisha mali kwa mwenyewe."

"Mimi tundu lako sijaligusa."

"Limejiziba lenyewe."

"Kama yupo aliyeliziba," akasema, "Mungu amzidishie umri." Akaondoka zake.

Huo kwangu ni ushahidi. Mtu asiye na hatia hamwombei dua mkosaji.

Ugomvi wetu ni wa mwaka jana. Alimwaga zege uani kwake, akatengeneza mteremko mpana kutoka mlango wa nyuma hadi getini, na zege likaubana mfereji ukabaki mwembamba kama mkanda. Mvua zilipokuja akanifuata akipiga kelele kwamba maji yangu yanaingia ndani kwake. Nikamwambia avunje zege lake. Akanijibu nivunje cherehani zangu. Hapo salamu zikaisha. Mkewe alipooza upande mmoja mwaka huohuo. Zamani alikuwa akija kukaa barazani na mama mkwe wangu, wakiteta watu hadi chai ipoe. Siku hizi haonekani, na mimi siulizi.

Machi 9
Mume wangu amepiga simu kutoka safarini. Yeye na lori lake wako mbali, kwa hiyo kila kitu anakiona chepesi.

"Weka kamera," akasema. "Ukimpata, mpeleke kwa mwenyekiti wa mtaa na picha zake. Maneno yataisha."

Nimependa wazo hilo kuliko nilivyompenda yeye mwezi huu.

Mama hakulipenda. Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu alipofiwa, na hapendi mengi, ila leo alipandisha sauti. "Kamera? Unataka kutuchungulia tukienda kuoga?"

"Itatazama tundu la maji tu, Mama."

"Leo tundu. Kesho sufuria, nani kachota nyama."

Machi 12
Fundi wa kamera amekuja. Kwenye ukuta wa kuchangia haiwezekani, Kizibo angeleta polisi. Ukuta wa mbele hauoni tundu. Mahali pekee ni kona ya nyuma, chini ya upenu, na chini ya upenu wetu kuna dari ya plastiki. Aliipiga mume wangu mwenyewe: vipande virefu vyeupe, vyepesi, vyenye uwazi ndani kama biskuti zile za tabaka.

"Mtaitoboa dari ya mwanangu?" Mama akauliza.

Fundi akacheka. Akapanda ngazi, akachukua skrubu fupi zilizokuja kwenye boksi la kamera, akazizungusha moja kwa moja kwenye plastiki. Ikashika. Akaitikisa kidogo kwa kidole kimoja, kama mtu anayeogopa jibu.

Machi 13
Kamera inaning'inia kwa waya wake. Upepo wa alfajiri umetosha. Skrubu zimetoka na unga mweupe kwenye meno.

Machi 14
Fundi anasema ni upepo. Nimemwambia upepo ndio kazi yake, kamera ya nje haifungwi kabatini.

Leo kaja na plagi, zile za plastiki zinazoingizwa kwenye ukuta wa tofali kabla ya skrubu. Akatoboa, akapachika, akakaza. Plagi ikazunguka na skrubu, ikazunguka, ikazunguka. Kwenye tofali plagi ina mahali pa kubanwa pande zote. Kwenye dari tupu ile ina mdomo tu, kisha hewa. Akapaka gundi. Nikamwuliza kama nguo zake pia anazifunga kwa gundi. Akakunja ngazi, akasema mama mwenye nyumba ana mdomo mkali. Kamera ameiacha imeshika, kwa namna yake.

Machi 17
Mvua. Tundu limezibwa tena. Kamera imerekodi anga, kwa sababu imepinda.

Machi 20
Nimetoka kupeleka magauni ya mteja, narudi nakuta kamera iko chini, kioo kimepata ufa pembeni. Mama amekaa barazani, ufagio mapajani.

"Nini hiki, Mama?"

"Upepo."

Hakukuwa na upepo. Hata nguo kwenye kamba zilikuwa zimekufa. Lakini nilikuwa na hasira na Kizibo na fundi, sikuwa na nafasi ya mtu wa tatu.

Machi 21
Nimekwenda duka la vifaa vya ujenzi mwenyewe. Mwenye duka ni mwanamke mnene asiyetabasamu bure. Nikamwekea kamera mezani.

"Unafunga wapi?"

"Dari ya plastiki, nje."

"Nyuma ya plastiki kuna nini?"

"Hewa."

"Basi unafunga kwenye hewa." Akanitolea bolti ndefu zenye mabawa mawili ya chuma. Unayakunja, unayapitisha kwenye tundu, yakifika upande wa pili springi inayafungua, yanashika dari kwa juu. Akanionyesha kwenye kipande cha boksi. Nikayafungua na kuyafunga mara nyingi mpaka akaninyang'anya.

"Na skrubu zisizoshika kutu?" nikauliza.

"Zile pale. Za kawaida zitakulilia michirizi myekundu dari nzima mvua mbili tu. Lakini dada, mimi nakuuzia chuma. Plastiki yako siijui."

Nilidhani ananiringia. Nikachukua bolti za mabawa na skrubu zile.

Machi 22
Nimepanda mwenyewe. Mama ameshika ngazi, kama kushika ni kuweka mkono mmoja na kutazama pembeni.

"Ukivunjika shingo nani atanipikia?"

"Utapika mwenyewe, Mama, unanipikia maneno kila siku."

Bolti zimekamata. Nimeshuka nikiwa mshindi. Kufika saa nane jua limewaka, plastiki imelegea, na mahali pa kamera dari imevutika chini kama tumbo la mtu aliyeshiba. Bolti hazijang'oka hata kidogo. Zimeshika vizuri sana kitu ambacho chenyewe hakijashika chochote. Kamera inatazama miguu yangu.

Machi 23
Nimeshona vifungo vya makoti siku nzima.

Machi 24
Jibu limekuja nikiwa na sindano mkononi. Kitambaa chepesi hakibebi kifungo kizito. Hata uwe na uzi wa chuma, kitachanika. Unachofanya ni kuweka kipande kigumu nyuma, uzi upite kitambaa, ukashike kile kipande. Kifungo kinaonekana kimekaa juu ya hariri, kumbe kimekaa juu ya kanvasi. Miaka yote hii nafanya hivyo kwenye makoti ya watu na sikuona kwamba dari yangu ni koti.

Nikachomoa kipande cha mwisho cha dari. Kinatoka kwa kutelezeshwa tu, mume wangu aliwahi kufanya kazi nzuri. Juu yake, vumbi, kiota kikavu cha nyigu, na ncha za boriti za paa, nzito na nzima. Nikakata ubao wa kutosha kufika kutoka boriti hadi boriti, nikaukaza pande zote mbili kwa skrubu ndefu. Nikaning'inia kwenye ubao huo kwa mikono. Ulinibeba. Mama akasema, "Astaghfirullah, mtu mzima."

Nikairudisha plastiki. Nikatoboa kupitia plastiki, tundu pana kidogo kuliko skrubu ili jua likiitanua isijikunje, kisha skrubu zisizoshika kutu zikaingia moja kwa moja kwenye ubao, kila moja na washa yake, kile kipete cha mpira. Nilikaza mpaka washa ikabusu plastiki, nikaacha hapo. Ukizidisha inapasuka. Waya nimeuachia kitanzi kabla haujaingia ndani, maji yadondokee hapo yasifuate waya, na tundu lake nimelijaza gundi ya silikoni.

Nimeikamata kamera na kuivuta kwa hasira zangu zote. Haijaitika.

Mama alikuwa amesimama chini, mikono kiunoni, anaitazama kwa muda mrefu. "Hiyo haitoki," akasema. Nilidhani ananisifu.

Machi 26
Jua.

Machi 29
Jua. Sijawahi kuiomba mvua kama wiki hii. Kizibo amepita njiani, nimemtabasamia. Ameshtuka.

Aprili 2
Nitaandika kwa utaratibu, nisiruke kitu.

Mvua kubwa ya msimu imenyesha leo mchana. Nilikuwa shuleni kuwapimia watoto wa mwisho. Nilikwama huko mpaka ikapungua, nikarudi nikivua viatu njiani. Maji yalikuwa yamefika kwenye droo za chini. Sare zilizokwisha kukatwa, suruali upande huu, marinda upande ule, zote zilikuwa zinaelea kama majani ya chai. Mota ya cherehani kubwa imekunywa maji. Sikulia. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa sababu safari hii ninaye.

Nilikaa juu ya meza na miguu hewani, nikafungua simu. Picha ilikuwa safi. Tundu, mfereji, matone ya kwanza yakipiga vumbi. Nikangoja kichwa cha Kizibo kitokee juu ya ukuta.

Akatokea Mama.

Alikuja kwa upande wetu, kutoka jikoni kwetu, khanga kichwani, akiburuta gunia kwa mikono miwili hatua kwa hatua. Mguu wake mbovu anauvuta nyuma kama mzigo wa pili. Akafika, akapiga magoti kwenye tope. Mama, ambaye akiangusha kijiko ananiita mimi nikiokote. Akalisokomeza gunia, likagoma, akageuka akakaa chini kabisa, akalisukuma kwa kisigino. Kisha akajaza matambara pembeni kwa vidole, taratibu, kama mtu anayemziba mtoto masikio. Alipomaliza hakuinuka upesi. Alikaa pale mvua ikimpiga. Kisha akatazama juu, moja kwa moja kwenye kamera, akaitazama vizuri, akaondoka.

Nimeirudia mara nyingi. Kila mara nilitegemea atakuwa mtu mwingine.

Alikuwa chumbani kwake, amebadilisha nguo, anajifanya amelala.

"Mama, inuka."

Akainuka. Nikamwonyesha simu. Hakuisogelea.

"Najua," akasema. "Nilikuwepo."

"Unaniharibia kazi. Kazi inayokulisha! Nimemtukana mtu wa watu, nimemrushia gunia..."

"Kamera kuanguka mara ya kwanza lilikuwa kosa la fundi wako. Mara ya pili niliiangusha mimi, kwa ufagio. Mara ya tatu nilishindwa."

"Kwa nini?"

"Mwenzangu yuko chini pale." Akaelekeza kidevu ukutani. "Amehamishiwa chumba cha nyuma, kwa sababu ndicho kilicho karibu na choo, na kiti chake cha magurudumu hakipandi ngazi za mbele. Tundu likiwa wazi maji yanaingia mpaka kitandani. Mume yuko kazini mchana. Mwenzangu hawezi hata kuketi bila kushikwa. Analala anayaangalia yakipanda."

"Angeniambia mumewe!"

"Alikwambia. Ukamwambia avunje zege. Lile zege ni njia ya kiti cha mkewe."

"Na wewe? Wewe una mdomo, Mama. Tunakula meza moja."

"Nilikwambia mwaka jana. Ukasema nisikuletee habari za nyumba ile." Kweli nilisema. "Basi sikuleta."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia arudi kijijini kwao, alikotoka. Kisha nikataja sare.

"Nguo zako utazianika," akasema. "Yule haanikwi."

Aprili 3
Hatuongei. Amepika mwenyewe. Chakula kina chumvi nyingi kwa makusudi.

Aprili 4
Mwalimu mkuu amechukua kazi yake, kampa fundi mwingine. Hakunifokea. Alisema "pole" huku akitazama saa yake.

Nilipitia kwa Kizibo. Sikupanga. Nilikuwa na hasira na nilitaka kuona kwa macho yangu kitu kilichonigharimu kazi.

Akafungua geti nusu. "Umeleta gunia?"

"Nataka kumwona mkeo."

Alinitazama kama nimeomba figo. Kisha akasogea.

Chumba ni kidogo, kina dirisha moja linalotazama ukuta wetu. Kitanda kimepandishwa juu ya matofali kila mguu. Kwenye ukuta uliopakwa rangi ya maziwa kuna mistari ya tope, mmoja juu ya mwingine, na ule wa juu kabisa uko usawa wa mto wake. Nilijua ni wa mwaka jana, kabla ya matofali na kabla ya Mama. Nilisimama nikiutazama. Nimezoea kupima kwa macho. Kitanda kikiwa bado sakafuni, maji yalimfika mdomoni.

Alikuwa macho. Amekonda, nywele zimesukwa vizuri, nani anamsuka sijui. Maneno yake yanatoka upande mmoja, lazima usubiri.

"Mashine zako," akasema. "Zimepona?"

"Moja imekufa."

"Pole." Akapumzika. "Mimi pia."

Sikujua kama ni mzaha. Mumewe mlangoni hakucheka. "Umeshaona," akasema. "Nenda sasa. Anachoka."

Nyumbani nilimkuta Mama jikoni. Nilitaka kumwambia samahani, nikasikia mdomo unasema, "Chumvi ilizidi jana."

"Nilijua," akasema.

Aprili 6
Nimevunja ngazi yangu ya mbele, ile wanayopandia wateja. Maji yakitaka kwenda barabarani bila kupita kwa mtu, njia ni moja tu: kando ya chumba cha cherehani, chini ya ngazi, hadi barabarani. Mume wangu kasema kwenye simu kwamba nimerukwa na akili na nimsubiri. Nimemwambia mawingu hayasubiri malori.

Aprili 7
Nachimba. Mikono imetoka malengelenge, siwezi kushika sindano. Mama analeta chai na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ananisimamia kama mkandarasi.

Aprili 8
Kizibo alisimama barabarani kwa muda, ametoka kazini, begi begani.

"Unachimba juu juu," akasema. "Hapo maji yatarudi ndani kwako."

"Hii ni nyumba yangu."

"Ndiyo maana nasema yatarudi ndani kwako. Kwangu yameshazoea."

"Basi chimba wewe kama unajua."

Akaweka begi chini, akakunja mikono ya shati, akachimba. Tulibishana kuhusu mteremko mpaka Mama akatuambia sote wawili tunyamaze, majirani wanatusikia. Hakunisamehe, wala mimi sijamsamehe zege lake. Aliniambia nina roho mbaya. Nikamwambia ana kichwa kigumu, angeleta mkewe mlangoni kwangu siku ya kwanza badala ya kuleta kelele, ningeona.

"Nimbebe kwenye mvua nikuonyeshe?" akasema. "Mke wangu si maonyesho."

Nikachota udongo.

Aprili 11
Mvua ya nguvu tangu asubuhi. Maji yamekuja mengi, mekundu, yamezunguka kona ya chumba cha cherehani, yamepita chini ya ubao niliouweka badala ya ngazi, yameingia barabarani. Sakafu kavu. Mama alitoka na khanga kichwani kwenda kusikiliza ukutani. Akampigia mwenzake kelele, "Huko vipi?" Sikusikia jibu. Nilimwona tu mabega yakishuka.

Aprili 13
Jioni hii nimeliziba tundu, safari hii kwa saruji. Nilikuwa nimepiga magoti palepale alipopiga Mama, mwiko mkononi, nikasikia hatua upande wa pili zikisimama.

"Nani huyo?"

"Mimi."

Nilikuwa naona viatu vyake kupitia tundu, vya kazi, vimechoka visigino. Nilidhani atasema kitu, asante labda, na nilikuwa nimeshaandaa jibu kali la kuikataa.

"Weka kokoto ndani," akasema. "Saruji tupu itapasuka."

Nikamwambia asinifundishe kazi.

Viatu vikaondoka. Nikaenda nikaleta kokoto.